Sindano ya Niaba

Kikwembe kile nilikipasua mimi mwenyewe kwa wembe, mbele ya munganga Okito, na roho iliniuma juu kilikuwa kipya. Lakini tungefanya nini? Kolera, ule ugonjwa wa kuhara, ilikuwa imefika Kindu. Watu walisema ilipanda treni kule Kalemie kama abiria mwingine, na haikulipa tiketi. Serikali ikatuma sindano, ikatuma waganga, ikatuma masoda wenye bunduki wa kupanga foleni. Wanawake wa Kiislamu njo hawakuja. Siku ya kwanza, katika kartie yetu nzima, mutaa wa Mikelenge, walichomwa wanaume zaidi ya mia na wanawake watatu, na hao watatu wote walikuwa wake wa masoda.

Kesho yake Bulaimu akaingia kwenye lupango yetu, uani mwa nyumba, bila kupiga hodi. Bulaimu alikuwa muntu wa Chama katika kartie, yule anayeandika majina, na suti yake ya kola iliyofungwa mpaka shingoni ilikuwa imelowa jasho.

"Sitwayene Sharifa," akasema, maana Chama kilitaka kila muntu aitwe mwananchi, "wanawake wenu wanazarau Serikali?"

"Baba Bulaimu," nikamujibu, "wewe ungemuacha muke wako avue mukono mpaka begani mbele ya mwanaume wa watu?"

Akakohoa. Hakuwa na jibu, na mimi nikiona muntu hana jibu sinyamazi, naongeza. Nikamuambia tutundike kikwembe kwenye mulango wa darasa la shule walimochomea sindano, tukipasue tundu moja, wanawake wakae ndani na mimi, munganga akae inje. Mwanamuke atoe mukono tu. Jina nitalisema mimi. Munganga ataona mukono, basi, na mukono hauna aibu kama hauna uso.

Okito akakubali palepale. Alikuwa Mutetela mupole, amechoka, macho mekundu, na alikuwa ametumwa na sindano elfu mbili za kumaliza kwa juma moja. Akanipa koti jeupe, pamba na alkoli, na tangu siku ile nikawa muntu wa dispanseri. Wanawake wakaja. Ee, walikuja kama watu wa arusi! Mikono minene, mikono yenye bangili mpaka kiwiko, mikono ya hina. Mimi niko ndani naishika isitetemeke, nasema jina, na kutoka inje Okito anachoma, anaandika, anarudisha kadi kupitia tundu. Alisema siku moja kama atakutana na wanawake wa Mikelenge sokoni, atawatambua wote kwa viwiko.

Kadi njo ilikuwa kila kitu. Bila kadi huingii soko, huvuki mto, hupandi treni. Na usifikiri unaweza kudanganya. Juma lile lile walimukamata Hamisi, mukarani wa posta, juu ya kadi tatu alizowaandikia shemeji zake bila sindano. Walimuchapa mbele ya ofisi ya Chama, tukaitwa wote kutazama, alafu wakamupandisha gari la masoda. Mpaka leo muke wake anauliza alikopelekwa.

Sasa nimuseme mama yangu. Jina lake Mwavita binti Asumani, na alikuwa muosha maiti wa wanawake. Tangu mimi ni mutoto, mwanamuke wa Kiislamu akifa katika muji huu, ng'ambo hii ama ng'ambo ile ya Lualaba, walikuja kupiga hodi kwetu. Kolera ilipoanza, masoda walikuwa wanazika watu katika shimo na nguo zao za kufia, bila kuoshwa, na wazee wa musikiti wakaenda kwa Okito na kwa wakubwa wa muji kusihi. Ikakubaliwa hivi: maiti wetu wataoshwa, lakini muosha awe na kadi ya sindano, na aoshe na maji yaliyotiwa javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kadi kuliko mama yangu.

Na hakuna aliyeogopa sindano kuliko yeye. Wakati wa Wabelgiji, akiwa musichana kule Lokandu, walikuja waganga wa kutafuta ugonjwa wa malale. Walimukalisha kwenye kiti, wakamukunja kama samaki wa kukaushwa, wakamuchoma ndani ya uti wa mugongo. Watu wanne walimushika. Tangu siku ile, mama akiona sindano mukojo unamutoka. Sisemi kwa kuchekesha, nguo zake nilizifua mimi.

Mara ya kwanza aliingia kwenye kikwembe, akatoka. Mara ya pili vilevile. Siku ya mwisho Bulaimu alisimama inje na orodha yake, anapiga kelele kwamba kartie nzima imekamilika, amebaki muntu mumoja tu, na yeye hatapeleka orodha yenye tundu kwa Kamisare, mukubwa wake wa Serikali. Mama alikuwa amekaa chini karibu na miguu yangu, ameshika goti langu, ninasikia meno yake yanagongana.

"Sharifa," akasema chini chini, "Muzee Amuri hakumutuma muntu kwenda Maka kwa jina la baba yake marehemu?"

"Alimutuma."

"Na hija ikakubaliwa?"

"Njo wanavyosema."

"Na dada yangu alipokufa na deni la Ramazani, mimi sikumulipia siku zake? Basi. Wewe ni damu yangu. Toa mukono wako kwa niaba yangu. Weka nia tu, mutoto wangu. Mungu anakubali nia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Wanawake walikuwa kumi hivi mule ndani, joto linatuua, Bulaimu anabweka inje, na mama ananiletea habari za hija. Nikaona hii njo njia ya kumaliza. Nikakunja nguo ya mukono wangu wa kushoto, ule ambao haukuchomwa, nikausukuma kwenye tundu, nikasema kwa sauti ya mwalimu wa madrasa, lakini chini chini, inje wasisikie:

"Nanuia kuchomwa sindano hii kwa niaba ya mama yangu Mwavita binti Asumani, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya Serikali!"

Wanawake wakaangukiana mabegani kwa kucheka. Mumoja alikuwa analia machozi. "Jina?" Okito akauliza kutoka inje. Nikamuambia jina la mama. Akachoma, akaandika, kadi ikarudi.

Mama hakucheka. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaibusu, akaifunga kwenye ncha ya nguo yake. Nililiona hilo. Nikaliacha lipite.

Siku zilizofuata muji haukuwa muji. Soko lilifunguliwa asubuhi, likafungwa kabla ya jua kukaza. Watu walisalimiana kwa mbali, mikono nyuma. Salongo, ile kazi ya lazima ya Serikali, ilikuwa kila siku sasa, si Jumamosi tu, tunachimba vyoo, tunamwaga chokaa, na gari la Chama linazunguka na kipaza sauti: sindano njo ushindi, sindano njo ushindi. Darasa zetu mbili za shule zikawa wodi. Nilikuwa nashika zamu pale, usiku huu niko, usiku ule sipo.

Mama aliosha maiti wawili katika siku hizo, musichana mumoja na bibi muzee. Kila mara alirudi ananuka javeli mpaka macho yanawasha. Mimi harufu ile ilinitosha. Okito alikuwa ameniambia wazi: "Sindano inasaidia nusu nusu, Sharifa. Kwa wale wanaoshika maiti, javeli njo mulinzi wa kweli." Kwa hiyo nikajiambia, mama hana sindano lakini ana javeli, ni salama yake.

Jioni moja tunakula bukari na sombe, akasema, "Javeli hii inanichoma ngozi. Na ata bila javeli, mimi niko na kinga yako. Si uliniwekea nia?"

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumuambia, mama, achana na hayo, ule ulikuwa ni muchezo. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, na kwa muda wa juma zima sikuwa nimeona uso uliotulia katika Kindu. Nikamusogezea bakuli la sombe.

Siku ya Jumatano asubuhi nilikuwa nimemaliza zamu. Nikamukuta Okito nyuma ya wodi ameinamisha pipa, anakwangua chini kwa kopo. Hakutoka kitu.

"Javeli?" nikauliza.

"Imekwisha tangu jana mchana. Ingine iko katika treni, na treni imekwama Kibombo."

"Na waosha maiti?"

"Waosha wako na sindano. Leo wataosha hivyo hivyo, na sindano yao. Ingekuwa muntu asiyechomwa nisingekubali, kule ni kujiua." Akanitazama. "Mama yako hakukuambia? Wamekuja kumuchukua alfajiri. Halima, muke wa Zuberi mufanyabiashara, amekufa Alunguli."

Alunguli ni ng'ambo ya pili ya mto. Nilipaswa kumuambia Okito palepale, najua. Lakini sahihi kwenye kadi ile ilikuwa yake. Nikiwaza Hamisi na ile fimbo, nikaona Okito naye amelala kifudifudi mbele ya ofisi ya Chama, na mimi kando yake. Nikajiambia nitafika kwanza, nitamutoa mama taratibu kwa kisingizio chochote, hakuna atakayejua. Nikakimbia na koti jeupe mwilini.

Nilifika karibu na kivuko, pirogi moja imejaa, mupiga kasia anasukuma. Nikainua mukono nimuite. Na palepale firimbi ikalia. Walikuwa wanapandisha bendera.

Wewe kama hukuishi siku zile hutaelewa. Bendera ikianza kupanda, kila muntu anasimama pale alipo, ata kama mutoto wako anazama. Ukitikisika, soda anakupiga kitako cha bunduki. Nikasimama. Mukono wangu ulikuwa umebaki juu, sikuthubutu kuushusha. Bendera ile ilipanda kama inavutwa na muzee mwenye ugonjwa wa mifupa. Wakaimba, wakamaliza beti moja, wakaanza ingine. Pirogi nayo ilikuwa imesimama, lakini maji hayaheshimu Chama wala bendera, yakaichukua polepole, na nilipopewa ruhusa ya kushusha mukono ilikuwa tayari katikati ya mto.

Nikangoja ingine. Soda akasoma kadi yangu pande zote mbili, akaishika juu chini. Nilikuwa natamani kumuuma.

Katika pirogi nilikuwa naosha maiti ya Halima kichwani mwangu. Niliijua kazi ile, nilizaliwa ndani yake. Sasa wamemulaza kwenye ubao. Sasa wamemufunika. Sasa wanapasha maji. Kolera inaacha tumbo limejaa, na muosha njo anayelikamua tumbo kwa mukono wake huku anamwaga maji, na yanayotoka yanamupata. Mama hatatumia kitambaa kinene, mama atasema ana kinga. "Baba, kaza," nikamuambia mupiga kasia. Akasema mto umejaa. "Kaza, nakuomba, nitakuzalia!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Lupango ya Zuberi ilikuwa mwendo mufupi kutoka mtoni. Wanaume walikuwa wamekaa mbele, mbali mbali, kimya. Nyuma ya nyumba walikuwa wamesimamisha mikeka minne kuwa ukuta wa kuoshea. Mbele ya mikeka alisimama Bulaimu na daftari yake, ametumwa ng'ambo siku ile, kwa sababu kila maiti siku zile ilikuwa na muntu wa Chama wa kuiandika, na kando yake soda anamenya karanga.

Nilisimama. Kati ya mukeka na mukeka kulikuwa na upenyo wa vidole viwili. Niliona ubao. Niliona nguo nyeupe juu ya Halima, na tumbo lake bado limepanda. Niliona mukono wa mama, umeshika kopo la maji, umeinuliwa. Tumbo halijakamuliwa. Maji hayajamwagwa. Nilikuwa nimewahi! Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakuapia.

"Sitwayene," Bulaimu akasema, "unatafuta nini hapa?"

Maneno yalikuwa tayari mudomoni. Mama, toka, hukuchomwa. Maneno matatu. Nikamutazama Bulaimu, nikatazama kalamu yake, nikatazama bunduki ya soda imeegemea mukeka.

"Nimeleta sabuni," nikasema.

"Iko wapi?"

"Nimeisahau kwenye pirogi."

"Akili za wanawake," akasema, na soda akacheka, ganda la karanga likaruka kutoka kinywani mwake.

Ndani kulikuwa kimya. Sikusikia maji. Nikajiambia, bado wanasoma dua. Nikajiambia, Bulaimu atasogea, ataenda kusalimia wafiwa, alafu nitasema. Nikajiambia, sema sasa, Sharifa, wewe mwenye mudomo wa kugombana na wauza samaki wa soko zima, sema sasa hivi! Nilimuona Hamisi. Nilijiona mimi. Soda alimenya karanga ingine, akaila, akamenya ingine. Sijui ilikuwa muda gani. Ilikuwa muda wa kutosha kabisa kusema maneno matatu.

Alafu maji yakamwagika.

Njo nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka wafiwa wakasimama. "Mama, toka! Toka! Hukuchomwa! Ule mukono ulikuwa wangu, nilikuwa nacheza, sikunuia kitu! Javeli hakuna, utakufa, toka!"

Mumoja wa wanawake wawili waliokuwa wanamusaidia akatoka mbio, mikono mbele kama amejiunguza. Bulaimu alikuwa ameshanikamata shingo. Kutoka ndani nikasikia sauti ya mama, si ya hasira, ni ile ya kazi:

"Sharifa, maiti haipigiwi kelele. Maji yameisha kumwagika. Niache nimalize."

Na akamaliza. Nilimusikia wakati wananivuta, kopo linaingia ndani ya ndoo, linatoka, linaingia.

Walinilaza katika kasho ya Alunguli, chumba cha kufungia watu, sakafu ya simenti, hakuna dirisha. Nilingoja fimbo. Haikuja. Nilimuomba kila soda aliyepita aende kumuambia Okito amuangalie mama yangu, na kila mumoja alisema ndiyo, na hakuna aliyekwenda. Kesho yake mchana njo Bulaimu akaja, peke yake, akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa laini kama ya muchumba.

"Sharifa, sikiliza. Orodha yetu imeshafika kwa Kamisare. Mikelenge imekamilika, wote wamechomwa, tumepongezwa kwenye mukutano. Sasa wewe unasema nini? Kwamba kuna tundu?"

Akafungua daftari yake juu ya goti.

"Wewe ulikuwa na homa ya uchovu. Ulipayuka. Kadi ya mama yako ni ya kweli, sahihi iko, muhuri iko. Mama yako amechomwa. Sema."

"Mama yangu iko namna gani?"

"Sema kwanza."

"Amechomwa," nikasema.

Akafungua mulango. Alingoja nivae viatu, alafu akaniambia kwamba mama iko katika wodi tangu alfajiri.

Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka darasa, na ubao mweusi wenye hesabu za watoto ambazo hakuna aliyezifuta, na mama amelala katika kitanda kilichokatwa tundu katikati, ndoo chini yake. Katika siku moja alikuwa amekuwa muntu mwingine. Macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana. Chupa ya seromu ilikuwa inaning'inia, sindano iko ndani ya mukono wake, na hakuitazama ata.

Okito alinivuta pembeni. "Hii chupa njo ya mwisho. Mishipa imelala, maji hayapiti vizuri. Kwa nini hukuniambia jana, Sharifa? Jana asubuhi, pale kwenye pipa?" Hakuwa ananigombeza. Alitaka kujua tu. Alafu akaenda kwa wagonjwa wengine.

Nilikaa na kikombe cha maji ya chumvi na sukari, nikamunywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja kinaingia, kimoja kinatoka. Nilimuambia maneno ya kijinga, kwamba kuku ametaga, kwamba nitamupikia supu. Baada ya muda akafungua macho.

"Jana," akasema, na sauti ilikuwa ya pumzi tu, "ulifika saa ngapi kwa Zuberi?"

Mikono yangu ikasimama na kijiko hewani.

"Nilichelewa, mama. Bendera ilinizuia kivukoni. Nilifika umeshamwaga maji."

Akafumba macho. Nikafikiri amelala tena. Nikamufuta midomo.

"Nilikuona," akasema.

"Mama..."

"Kwenye mikeka. Niliona koti lako, alafu niliona uso wako. Mimi njo niliyekuzaa, sitaujua uso wako? Nikajua kuna jambo. Nikashika kopo, sikumwaga. Wenzangu wakaniuliza, Ma Mwavita, unangoja nini? Nikawaambia, subirini kidogo. Nilishika kopo mpaka mukono ukatetemeka."

"Kwa nini hukutoka?" Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, wagonjwa wananitazama. "Kama uliniona, mama, kwa nini hukutoka mwenyewe?"

"Nimuache Halima wazi kwenye ubao kwa sababu ya uso wako tu? Nitawaambia nini wenzangu? Ungesema neno moja, ningetoka. Nilikuwa nangoja hilo neno."

Nikaweka kikombe chini. Nikashika mukono wake usio na sindano, ulikuwa baridi na umelowa.

"Niliogopa, mama," nikasema. "Niliogopa."

"Najua," akasema. "Na mimi niliogopa. Njo maana nilingoja."

Alikufa siku ile ile, kabla ya alasiri.